Kilo za Heshima

"Nimekuja kupimwa," alisema yule bibi.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yetu, kikapu begani, viatu vya plastiki vimebadilika rangi kwa vumbi. Ilikuwa Alhamisi, saa mbili asubuhi, na hakuna mtu aliyemtarajia.

"Shikamoo bibi. Hapa si zahanati," nilimwambia. "Hapa ni kampuni ya ndege za kukodi."

"Marahaba. Najua ni ya ndege. Ningetaka zahanati nisingepanda basi siku mbili, ya kwetu iko nyuma ya nyumba. Nimesikia kwenye redio mnawatafuta abiria wenu wa zamani. Nikasema, kama ni wale wale, watanipima kwanza."

Kwa msomaji anayenikuta njiani: mimi ndiye yule msichana mwenye shahada ya historia aliyezunguka miaka miwili na bahasha ya vyeti mpaka bahasha ikachakaa kabla ya vyeti kutumika. Nilipata kibarua cha miezi mitatu katika kampuni hii. Kazi yangu ilikuwa kuandika kitabu cha kuadhimisha miaka sitini ya kampuni, ilikotoka na inakokwenda, na kwa kuwa kuandika kitabu si kazi ya mtu mzima, wakanipa na mizani. Asubuhi nilipima abiria na mizigo. Mchana niliandika historia. Wote pale wananiita Digrii, na hawaniiti hivyo kwa kunisifu.

Wiki iliyopita mliniacha nikiokota sura yangu ya kwanza kwenye kapu la taka. Mkurugenzi aliitupa kwa sababu niliandika kwamba mzigo wa kwanza wa baba yake, mwanzilishi, ulikuwa vifaranga mia nne vya siku moja.

"Vifaranga," alisema siku ile. "Mimi nawauzia watu mashuhuri usafiri wa anga, wewe unawaletea kuku."

"Ndivyo ilivyo kwenye daftari la safari, Mkurugenzi."

"Basi hilo daftari lilikuwa na njaa. Andika wageni mashuhuri."

Nami niliandika. Hilo ni ungamo la kwanza, na ni dogo kuliko linalofuata.

Nilimkaribisha bibi kiti. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye mizani, ile kubwa ya chuma iliyo katikati ya banda la ndege, akavua viatu, akapanda.

"Ngapi?"

"Arobaini na sita."

"Nimekua," alisema. "Mara ya mwisho nilikuwa kumi na nne."

Alikuwa na miaka sita wakati huo, tumbo limevimba, hata kulia ameshaacha. Mwanzilishi alikuwa ametua na vifaranga vyake kwenye kiwanja cha nyasi karibu na kwao. Mama yake alimbeba akakimbilia injini inakonguruma. Mwanzilishi hakuuliza ni mtoto wa nani. Alimweka kwenye mizani ya vifaranga, akaandika kilo kumi na nne, akampima na mama, akajipima na yeye mwenyewe. Kisha akashusha maboksi yake ya chakula cha kuku akayaacha pale pale kwenye majani.

"Mama alimuuliza, wewe baba, mtoto anakufa unapima nini? Akamjibu, napima ili tufike. Saa mbili baadaye nilikuwa mezani kwa daktari wa upasuaji." Bibi alishuka kwenye mizani akavaa viatu. "Basi. Hiyo ndiyo hadithi yangu. Nipe maji ya kunywa niondoke, basi la kurudi linatoka mchana huu."

Nilitaka kumkumbatia. Miezi miwili nilikuwa natafuta ushahidi kwamba kampuni hii iliwahi kuwa na maana, kwamba hapo mwanzo ndege za kukodi zilibeba madaktari na barua na mbegu, na watu ambao barabara iliwasahau, kabla hazijawa za kubebea watu wanaokimbia foleni. Na ushahidi ulikuja wenyewe, kwa miguu.

Kosa langu ni kwamba nilikimbia kumwambia Mkurugenzi.

Mkurugenzi ni mtu anayenukia kabla hajafika. Alimtazama bibi toka juu hadi chini kama anayechagua pazia.

"Huyu ni dhahabu," alininong'oneza. "Kesho tunamsafirisha Bwana Saruji kwenda hoteli ya ziwani. Akiridhika, anatia mtaji wake kwenye kampuni. Tunapiga video leo, kesho nampandisha naye ndege moja. Mtoto aliyeokolewa na baba yangu, amekaa pembeni ya mwekezaji. Nani atakataa?"

Alimgeukia bibi na sauti ya asali. "Mama yetu, utakaa nasi mpaka kesho."

"Siwezi, mwanangu. Mume wangu haoni. Nimemwacha na jirani, na jirani mwenyewe anasafiri kesho saa sita mchana. Mara ya mwisho mzee kubaki peke yake aliamua kujipikia uji. Akaungua mkono huu wote." Alionyesha kwenye mkono wake mwenyewe, toka vidoleni hadi kwenye kiwiko. "Kwa basi la leo nitachelewa tayari, nimeomba mtoto wa shule amwangalie jioni moja. Siongezi siku."

"Basi la nini?" alisema Mkurugenzi. "Ndege inapita juu ya kwenu. Kile kiwanja cha nyasi bado kipo?"

"Kipo. Wanalisha mbuzi."

"Tutakushusha mlangoni. Saa tano na ushei uko nyumbani, kabla hata ya jirani kufunga mizigo. Kweli si kweli, Digrii?"

Bibi hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Nadhani watu walioishi muda mrefu wanajua wamuulize nani.

"Kweli, mjukuu wangu?"

"Kesho kabla ya saa sita utakuwa kwako, bibi," nilisema. "Nakuahidi."

Ni ahadi ndogo. Mtu wa pikipiki anatoa ahadi kama hiyo mara ishirini kwa siku.

Mchana ule wakampiga video. Mpiga picha alimwambia atazame ndege, akumbuke maumivu, alie.

"Nilie kwa nini?" bibi aliuliza. "Si nilipona?"

"Ni kwa ajili ya hisia, mama."

"Aliyekuwa analia alikuwa mama yangu, na ameshakufa. Mngempiga yeye."

Wakamtia matone ya dawa ya macho. Akapangusa, akaomba apewe hicho kichupa ampelekee mumewe.

Jioni nilimchukua bibi akalale kwetu. Mama yangu ni fundi cherehani, anashonea sebuleni, kwa hiyo wageni wetu hulala kati ya cherehani na rundo la vitambaa. Usiku ule kulikuwa na suti yangu ya bluu imetundikwa dirishani. Mama aliishona kwa ajili ya Ijumaa, kwa sababu Ijumaa ndiyo siku nilipaswa kusomea wageni sura yangu ya mwisho huko ziwani, ile ya mustakabali, na baada ya chakula nitie saini mkataba wa kudumu.

"Usiinue mikono sana," mama alinionya. "Kwapani nimebana. Kitambaa kilipungua."

"Anakwenda kusaini au kuchuma maembe?" bibi aliuliza, wakacheka wote wawili kama waliosoma darasa moja.

Sasa niungame lile kubwa, kwa sababu bila hilo Ijumaa haieleweki.

Katika kampuni yetu kuna kitu kinaitwa kilo za heshima. Hakijaandikwa popote. Mteja mkubwa hapimwi. Kumpandisha mtu mkubwa kwenye mizani mbele ya watu ni kumdhalilisha, kwa hiyo unamuuliza uzito wake kwa tabasamu, na akitaja wowote unaandika themanini. Awe na shingo tatu, themanini. Nimewahi kumwandikia themanini mtu aliyeingia ndegeni kwa ubavu.

Kisha, mteja akishageuka, unamwonyesha rubani vidole. Kila kidole ni kilo kumi ambazo hazimo kwenye karatasi. Rubani anahesabu vidole, anashusha mzigo wa uzito huo. Na mzigo unaoshushwa ni ule usio na mwenyewe wa kupiga kelele. Mara tatu ulikuwa maboksi ya dawa ya zahanati za vijijini. Yalibaki bandani siku nne, siku tano, yakisubiri ndege nyingine isiyo na mtu mkubwa.

Vidole vilikuwa vyangu. Mimi, niliyekuwa natoa hotuba chuoni kuhusu haki ya wanyonge, nilisimama pale na kuinua vidole kama mnadi wa mbuzi. Mchana nikarudi mezani kuandika sura ya mustakabali.

Sura hiyo niliiamini. Niliandika kwamba zinakuja ndege ndogo za betri, zisizo na moshi wala kelele, zitakazoitwa kwa simu kama teksi, na kwamba siku moja muuguzi wa kijijini ataita ndege kama tajiri anavyoita leo. Kapteni, rubani wetu wa siku zote, aliisoma miwani ikiwa puani.

"Umeandika vizuri," aliniambia. "Ila umesahau kitu. Mafuta yakiungua, ndege inapungua uzito. Betri haipungui. Ile inapaa na kilo zake na inatua nazo zile zile. Ndege za kesho hazitakuwa na nafasi ya vidole vyako, Digrii. Au watapimwa wote, au hawataruka."

Nikacheka. Nilidhani anatania.

Ijumaa, saa tatu asubuhi, Bwana Saruji alifika.

Simiti yake ndiyo imeshika nusu ya majengo mnayoyaona. Alishuka kwenye gari kwa awamu. Nyuma yake alikuja msaidizi wake, mwanaume mwembamba anayecheka kabla utani haujaisha, na mpishi. Nyuma ya mpishi likaja gari la pili, na kwenye gari la pili kulikuwa na maboksi manane ya maji ya chupa.

"Hayo ni ya nini?" nilimuuliza msaidizi.

"Bosi hanywi maji ya ugenini. Anakunywa ya chemchemi yake."

"Tunakwenda ziwani."

"Ndiyo maana," alisema, kwa upole, kama anayemweleza mtoto.

Niliyapima. Kilo kumi na tano kila boksi, mia moja na ishirini kwa jumla. Tunapanda angani na maji, kuyapeleka kwenye maji.

Kapteni alipiga hesabu kwenye fomu ya uzito, ile ambayo mpimaji na rubani hutia saini kabla ndege haijaruka. Akatikisa kichwa. Kwenda ziwani moja kwa moja, sawa, kule njia ya kurukia ni ya lami na ndefu. Lakini kutua kwenye kiwanja cha nyasi cha bibi, kifupi kama uchochoro, kilo sitini zilizidi.

"Basi bibi atasubiri Jumatatu," alisema Mkurugenzi bila kuinua macho kwenye simu.

"Mkurugenzi, mumewe haoni. Jirani anaondoka saa sita."

"Mtafutieni basi."

"Basi ni siku mbili."

"Digrii, video tunayo. Tumeshamtumia." Aliona bibi amesikia, akatabasamu. "Tumeshamtumia salamu mzee, namaanisha."

"Mzee hana simu," bibi alisema.

Aliweka kikapu chake chini, akakiokota, akakiweka tena. Hakugombana na mtu. Aliniuliza tu kwa sauti ya chini, "Jiko la mafuta ya taa niliacha juu ya meza au chini? Wewe hujui. Na mimi sikumbuki."

Nikasema, "Punguzeni maji."

Msaidizi alicheka. Utani ulikuwa haujaanza.

"Basi nipunguzeni mimi," nilisema. "Nina kilo sitini na moja. Bibi achukue nafasi ndani ya ndege, mimi nibaki."

Mkurugenzi aliinua macho kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Mkataba unasainiwa huko, baada ya chakula. Asiyekuwepo hana mkataba. Mpwa wangu yuko tayari huko hotelini, naye anajua kuandika."

"Mpwa wako anaandika neno ndege kwa ng'."

"Na kazi anayo. Amua."

Niliamua. Najua mnavyonicheka. Mama yangu alicheka pia, baadaye, halafu akaingia chumbani akafunga mlango. Miaka miwili ya bahasha, suti ya bluu iliyobana kwapani, vyote kwa kiti kimoja cha mwanamke niliyemjua tangu jana. Lakini hata sasa naandika haya sioni ningesema nini kingine na yule bibi amesimama pale.

"Usifanye hivyo, mwanangu," bibi aliniambia.

"Imeshafanyika."

Nilichukua kalamu nikaandika fomu upya. Bibi, arobaini na sita. Mpishi, sabini. Msaidizi, hamsini na nane. Mkurugenzi, themanini na tatu, yeye nilimpima tangu siku ya kwanza kwa utani na sijasahau. Bwana Saruji, themanini. Mkono uliandika wenyewe, kwa mazoea. Kisha nikamtazama Kapteni na kuinua vidole vitano.

Kapteni alinivuta nyuma ya mkia wa ndege.

"Leo vidole sivitaki," alisema. "Kwenye lami ningekuvumilia. Kwenye nyasi, na uongo wa kilo hamsini, sitatua. Nitafika juu ya kwa bibi, nitasema upepo mbaya, nitapitiliza mpaka ziwani. Nawe utakuwa umetoa kiti chako ili bibi akae hotelini mumewe akiungua."

"Basi shusha maji."

"Kwa sababu gani? Karatasi yako inasema tuko sawa. Mimi ni dereva tu wa juu, siwezi kumnyang'anya tajiri maji yake kwa vidole vya karani. Nipe karatasi ya kweli nitashusha hata chumvi ya mpishi. Karatasi ya uongo, napitiliza." Akanikazia macho. "Na mimi nimevipokea vidole hivyo miaka mingi kabla yako, kwa hiyo usidhani nakuhubiria."

Nilikata ile themanini kwa mstari mmoja. Nikatembea mpaka kwa Bwana Saruji, aliyekuwa amekaa kwenye kiti pekee cha kuegemea tulichonacho.

"Samahani mzee, naomba upande kwenye mizani."

Mpishi aliacha kutafuna.

"Nimesema themanini," alisema.

"Hukusema, mzee. Nimekuandikia mimi, bila kukuuliza."

"Digrii," alisema Mkurugenzi. Jina tu, hakuongeza kitu, lakini nilisikia mwisho wa kibarua changu ndani yake.

Aliyeniokoa ni bibi. Alimsogelea Bwana Saruji, akamgusa bega kama mtu anayemtuliza mjukuu kwenye chanjo.

"Panda, baba. Mimi nimepimwa jana, haiumi. Wanatupima ili tufike."

Sijui ni huruma ile au ni macho ya mpishi wake. Alisimama, akatembea, akapanda. Mshale wa mizani ulikwenda, ukapita themanini bila kusalimia, ukapita mia, ukasimama.

Mia moja thelathini na moja.

"Mizani mbovu," alisema Mkurugenzi haraka.

"Mbovu kabisa," alisema msaidizi. "Bosi wangu ni mtu wa themanini, themanini na mbili akishiba."

Bwana Saruji alishuka. Pengine yangeishia hapo, karatasi ingerudi kwenye themanini, ndege ingepitiliza. Ila msaidizi hakutosheka na kusifu. Alitaka kuthibitisha.

Pembeni ya banda kulikuwa na mifuko saba ya simiti, mipya, haijafunguliwa, ya kuzibia mashimo ya sakafu. Ilikuwa ya kiwanda cha Bwana Saruji, na jina lake limeandikwa kwa herufi nyekundu, na chini yake: kilo hamsini.

"Tujaribu na kitu chenye uzito unaojulikana," msaidizi alisema kwa furaha. "Simiti ya bosi. Hiyo haidanganyi. Mkiona inasema sabini, mjue mizani ndiyo mwongo."

Bwana Saruji aligeuka. "Acha," alisema.

Lakini msaidizi alikuwa ameshaubeba, mishipa ya shingo imemtoka, akaubwaga juu ya mizani.

Arobaini na sita.

Aliutazama mshale. Akauinua, akaubwaga tena. Arobaini na sita. Akaleta mfuko wa pili, kisha wa tatu, kwa bidii ya mtu anayejichimbia. Arobaini na sita. Arobaini na sita na nusu.

"Kumbe kweli ni mbovu," Mkurugenzi alisema, sauti imeanza kupotea. "Inapunguza."

"Kama inapunguza," alisema Kapteni, akifuta miwani, "basi mzee hapa si mia thelathini na moja. Ni mia arobaini na ushei."

"Na kama haipunguzi?" mpishi aliuliza. Ndilo neno pekee nililomsikia mpishi akisema siku hiyo, na nadhani alijuta.

Kapteni alipanda mwenyewe. "Sabini na mbili. Jumatatu nilikuwa hospitali kupimwa afya ya urubani. Sabini na mbili." Akashuka. "Haipunguzi."

Kwa hiyo lilibaki jambo moja la kufikiri, na kila mtu mle ndani alikuwa analifikiri huku akitazama sakafu. Shule, daraja, ghorofa za watu. Kilo nne kila mfuko.

Utaratibu wetu, na huu umeandikwa, ni kwamba mizani ikijaribiwa siku ya safari, matokeo yanaingizwa kwenye fomu: kilichotumika, uzito wake wa kuandikwa, uzito uliosomeka. Nilijaza. Mfuko wa saruji, hamsini, arobaini na sita. Mara tatu. Nilitia saini, Kapteni akatia saini. Nakala moja hupanda na ndege. Nyingine hubaki ofisini.

Bwana Saruji alinitazama nikiandika. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Acheni maji," alisema hatimaye. "Twendeni."

Maboksi yote manane yakashushwa. Hapo kukawa na nafasi hata ya kwangu, kilo sitini na moja zikaenea bila shida. Mkurugenzi alihesabu kama nilivyohesabu. Akanijia karibu mpaka manukato yake yakaniingia kooni.

"Kiti kibaki wazi," alisema. "Nikirudi Jumapili nisikukute. Na hicho kitabu chako nitampa mpwa wangu akimalizie."

Basi ndege ya abiria sita ikaruka na watano na kiti kitupu, kwa ajili ya heshima ya mtu mmoja. Bibi alikaa dirishani, kikapu mapajani. Alinipungia kwa mkono mzima, kama anafuta kioo. Ilikuwa saa nne na robo.

Nilibaki na redio ya mawasiliano, mifuko saba ya simiti na maboksi manane ya maji ya chemchemi. Nilifungua chupa moja nikanywa. Ni maji tu.

Saa tano na nusu gari jeupe liliingia langoni. Walishuka wanaume wawili wenye mashati ya kiwanda, nembo nyekundu kifuani. Mmoja alikuwa na umri wa baba yangu, mpole, amevua kofia.

"Habari za kazi, dada. Tumetumwa kuchukua mifuko saba ya simiti," alisema. "Na karatasi moja."

"Karatasi ipi?"

"Aliyetupigia simu amesema wewe unaijua." Aliitazama pale mezani mbele yangu, hakuhitaji kuambiwa. "Usitupe kazi, mwanangu. Mimi nina miaka ishirini na miwili pale. Nami natumwa tu."

Mwenzake alikuwa ameshaanza kupakia mifuko. Wa kwanza alinyoosha mkono juu ya meza.

"Subiri," nilimwambia. "Haijakamilika. Kuna safu moja haijajazwa."

"Safu gani?"

"Saa ya kutua."

Alisita. Kisha akavuta kiti akakaa, kofia magotini. Tukaisikiliza redio ikikwaruza, mimi na yeye. Saa ya ukutani ilisema tano na dakika thelathini na tano. Thelathini na nane. Nilifikiria upepo mbaya. Nilifikiria Mkurugenzi akimwinamia Kapteni sikioni kule angani, akimwambia apitilize.

Redio ikafunguka.

"Digrii, andika," ilisema sauti ya Kapteni. "Kiwanja cha nyasi, tumetua saa tano na dakika arobaini na moja. Abiria mmoja ameshuka. Mbuzi tumewafukuza. Kuna mzee hapa ukingoni, ameshikwa mkono na mtu mwenye begi la safari. Anauliza ni nani ameshuka."

Nyuma yake, mbali, nilisikia sauti ya mwanamke ikijibu kwa kelele juu ya injini: "Mimi, mimi, kaa hapo hapo usisogee."

Nilichukua kalamu, nikaandika saa hiyo kwenye safu ya mwisho, taratibu, kwa tarakimu zinazosomeka. Nilipomaliza, mtu wa kiwanda alikuwa ameshashika ukingo wa pili wa karatasi, na mimi nilikuwa bado sijauachia wangu.